Nimevivua vikucha vya chuma

Kwa miezi miwili nimekuwa nikipiga gitaa langu la nyuzi za chuma nikiwa nimevaa vikucha vya chuma vidoleni, yaani vifuniko vidogo vya kupigia nyuzi, na leo nimevivua. Sikatai kwamba vinatoa sauti kubwa na kali, wala kwamba vinaziokoa kucha halisi, ambazo nyuzi za chuma huzila upesi kuliko nyuzi za nailoni. Kilichonishinda ni mguso. Kidole kilichofunikwa hakiuhisi uzi kabla ya kuupiga, hivyo nilikuwa nikiukosa uzi wa tatu mara kwa mara, na kila nilipotaka kuzima sauti kwa ncha ya kidole, chuma kilikwaruza. Kuvipinda vifuate umbo la vidole kulipunguza mkwaruzo huo, lakini hakukuumaliza. Kwa banjo, au mahali penye kelele, ningevivaa tena bila kusita. Nimebakiza kikucha cha plastiki cha kidole gumba tu, kwa sababu besi, yaani nyuzi nene zinazopigwa na gumba, inahitaji uzito, huku vidole vingine vikiwa wazi. Chet Atkins, mpiga gitaa maarufu wa Marekani, naye alipiga hivyo, ingawa kufanana kwetu kunaishia hapo.