Barua Iliyo Kwenye Droo

Jumanne hii nimeondoa kesi nyingine chini ya kifungu cha 87(a). Kwa asiyezoea lugha yetu ya kortini, maana yake ni kwamba upande wa mashtaka umeiachilia kesi na mshtakiwa anakwenda zake, ingawa anaweza kushtakiwa tena. Shahidi wangu mkuu ni mama mmoja wa Ganze, Kilifi. Alikuja mara nne, na mara zote nne kesi ikaahirishwa. Ya tano hakuonekana. Nilipompigia simu alinijibu kwa upole, bila hata kunilaumu: "Mwanangu, nauli imenishinda."

Neno hilo limenikaa kooni wiki nzima. Pesa za mashahidi hazipangwi kortini. Hupangwa kwenye bajeti, na bajeti hupitishwa Bungeni. Mimi wakili wa mashtaka faili hunifikia mambo yakiwa yameshaharibika huko juu.

Ndiyo sababu kuna barua ya kujiuzulu kwenye droo yangu. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi kinamtaka mtumishi wa umma anayetaka kugombea aache kazi miezi sita kabla. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, kwa hiyo siku zangu za kuamua zinaishia mwanzoni mwa Februari. Na kwa kuwa bado niko kazini, siruhusiwi kupiga siasa; sitaji kiti wala chama. Naandika ya moyoni tu.

Usiku huwa nafuatilia safari ya Martha Karua, wakili aliyegeuka mwanasiasa. Wengi wanamkumbuka ile 16 Mei 2022, pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, alipotangazwa mgombea mwenza wa Raila Odinga. Mimi namrudia yule wa zamani: hakimu tangu 1981, akaacha kazi ya serikali 1987 na kufungua ofisi yake, akawatetea watu ambao kusimama nao wakati ule kulihitaji moyo, akiwamo Koigi wa Wamwere aliyeshtakiwa kwa uhaini. Mwaka 1992 akachaguliwa mbunge wa Gichugu. Hiyo miaka mitano ya katikati ndiyo ninayoitazama sana. Watu walimjua kwa kazi kwanza, kura akaja kuziomba baadaye.

Hakushinda kila mara. Alipowania urais 2013 alipata kura 43,881 nchi nzima. Lakini kinachoninyima usingizi ni Kirinyaga, ugavana wa 2017. Alishindwa, akapeleka malalamiko kortini, Mahakama Kuu ikayatupa mapema. Mahakama ya Rufaa ikayarudisha yakasikilizwe. Yakasikilizwa, akashindwa, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu, na huko mwaka 2019 akaambiwa miezi sita ambayo sheria inazipa korti kuamua malalamiko ya uchaguzi ilikuwa imeshapita. Nani aliila miezi hiyo? Korti zenyewe! Akaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na Novemba 2020 ikaamua kwamba Kenya ilimnyima haki ya kusikilizwa, alipwe dola 25,000. Muhula wa ugavana ulikuwa umepita nusu. Kila nikisoma hukumu hizo namwona mama wa Ganze amekaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, akingoja jina lake liitwe.

Hofu yangu kubwa si kushindwa. Kazini nimefunzwa kumpa mshtakiwa hata ushahidi unaomsaidia yeye. Jukwaani nani hufanya hivyo? Naogopa kuipoteza tabia hiyo, maana nimeijenga kwa miaka mingi na ndiyo kitu pekee ninachojivunia.

Jumapili mjomba alikuja kwetu. Tulikuwa tunakula mbaazi na mahamri, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Mwanangu, yule kijana wa jirani uliyemfunga, nyumba yao utaipigiaje hodi?"

Sikuwa na jibu. Kijana huyo nilimshtaki mimi, kwa wizi wa kutumia nguvu, na ushahidi ulitosha. Tangu siku ya hukumu nimekuwa nikipita njia ya nyuma ili nisikutane na mamake.

Jana jioni nilipita njia ya mbele. Sikwenda kuomba kitu, na la kusema sikuwa nalo. Nilibisha, akatoka na upawa mkononi, akanitazama, akasema karibu. Akanivutia kigoda, akarudi kuchochea moto. Tukazungumza juu ya mvua, na minazi inayokauka. Nilipoinuka kuaga ndipo aliponiuliza, macho yakiwa kwenye sufuria, kijana wake anatoka mwezi gani.

Nilikuwa naujua. Nikamwambia.