Simu za ofisi zilikuwa zinalia alfajiri, mchana kimya

Mlinzi wetu wa usiku ndo alinifumbua macho. Siku hiyo nimefika ofisini saa moja kasoro, ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unapuliza mpaka masikio yanauma, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, alafu akaniuliza hivi hizi simu zenu za humo ndani nani anazipiga usiku, maana ile ya pale dirishani leo imelia saa kumi na moja alfajiri, ikakata, ikalia tena, na funguo za humo mimi sina. Akaongeza kwamba si leo tu, ni kama wiki sasa.

Nikakaa nayo kichwani. Kwa sababu sisi wa mchana tulikuwa na kilio kingine kabisa, tulikuwa tunasema simu zimepungua, yaani ikifika saa tano asubuhi zinanyamaza, tukasema labda mtandao, labda wakulima wamevuna wanapumzika. Ofisi yetu inauza pembejeo, tuko maeneo ya Sabasaba, mbegu za alizeti na mtama, dawa za zabibu, pampu, vitu hivyo, na wanaopiga ni watu wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, wengine mpaka Manyoni kule Singida. Mkulima wa zabibu wa Hombolo akiona ugonjwa wa ubwiri umeingia shambani hapigi saa nne ya ofisi, anapiga akiwa amesimama kwenye mistari yake jua halijatoka.

Nikafungua mtambo wa simu. Tulikuwa tumefungiwa PABX mpya, yaani mtambo unaopokea simu zote za ofisi na kuzigawa mezani, wiki hiyo hiyo, na mtu aliyeweka mipangilio aliifanya kwa mbali, hayuko nchini, sisi tulimtumia karatasi tu yenye maelezo. Kwenye karatasi tuliandika kazi ni saa 2 mpaka saa 11. Na yeye kaingiza kama ilivyo, 02:00 mpaka 11:00! Yaani kwa mtambo ofisi inafunguliwa saa nane usiku wa manane na inafungwa saa tano asubuhi. Mkulima akipiga alfajiri simu zinaita kwenye meza tupu mpaka anachoka, akipiga saa sita mchana anaambiwa tumefunga, na sisi tumekaa palepale tunaangaliana. Siku sita za kazi. Nikihesabu watu waliopiga siku zile sita roho inauma mpaka leo.

Kwahiyo la kwanza kwa yeyote anayefungiwa mtambo wa simu hapa kwetu, saa za kazi ziandike kwa mtindo wa masaa 24 na ueleze asubuhi au jioni, 08:00 asubuhi mpaka 17:00 jioni, usiache mtu akisie. Na baada ya hapo kagua saa ya mtambo wenyewe, kwa sababu ratiba inaweza kuwa sahihi alafu saa ikawa ya nchi nyingine. Inatakiwa isome Africa/Dar_es_Salaam, hata kama uko Dodoma ndo hiyo hiyo. Ikiachwa kwenye UTC, ile saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa matatu, ofisi yako itafunguliwa saa tano na kufungwa saa mbili usiku. Mimi nainua mkonga napiga *60, mtambo unanitajia saa yake, nalinganisha na ya ukutani. Dakika moja tu.

Tangu siku hiyo mtambo niliuchukua mimi. Sikusomea mambo ya simu, mimi ni wa utawala, ila niliona kitu kinachobeba wateja wetu wote hakiwezi kuwa mikononi mwa mtu asiyejua saa mbili yetu ni ipi. Tunatumia FreePBX, programu ya kupangia mtambo wa simu kwenye kompyuta, ambayo ndani yake inaendeshwa na Asterisk, na kilichonipa moyo ni kwamba Asterisk yenyewe ilianzishwa mwaka 1999 na kijana wa Kimarekani, Mark Spencer, aliyekuwa na kampuni ndogo na hana hela ya kununua mtambo wa simu, akaamua kuandika programu ya kwake alafu akaiachia watu wote waitumie bure. Kilizaliwa kwenye ofisi ndogo kama yetu. Ukifungua ukurasa wake unaona menyu nyingi unaogopa, ila ukishajua kwamba simu inapita kama mtu anayeingia ofisini, geti, mapokezi, foleni, meza, basi kila menyu unaiweka mahali pake. (Kitu cha kukumbuka tu, ukibadilisha na kuhifadhi bado haijafanya kazi, mpaka ubonyeze kile kitufe chekundu cha Apply Config kinachotokea juu. Usipokibonyeza umeandika tu kwenye karatasi.)

Sasa kuna mama mmoja wa Mpwapwa, huyu ndo aliyenifundisha mengine yote. Alikuja mwenyewe ofisini, kitochi chake amekifunga kwenye kona ya khanga, ameshuka kwenye basi na njaa, na neno lake la kwanza lilikuwa mwanangu simu yenu inanila hela. Nikamkalisha. Kumbe yeye ni mtu wa kubipu, kama watu wengi tu, anapiga mlio mmoja anakata, anajua mtampigia, na ile laini ya zamani ya mezani ilikuwa inakubali hivyo miaka yote. Mtambo mpya unapokea papo hapo, unaanza kusoma karibu sana kwenye ofisi yetu, na mtambo ukishapokea, kwa mtandao wa simu hiyo imepokelewa, hela inaanza kukatwa. Kila akibipu analipa. Alafu maelezo yenyewe yalikuwa marefu, sekunde arobaini kabla hujaambiwa cha kubonyeza, na sauti ilikuwa ile ya Kiingereza inayokuja na mtambo.

Kuna sehemu kwenye njia ya simu zinazoingia inaitwa Pause Before Answer, unaandika sekunde, mtambo unaacha simu iite kwanza ndo upokee. Nimeweka nane. Anayebipu anakata kabla hajapokelewa, salio lake liko salama, na kwenye kumbukumbu za simu anabaki pale na namba yake kwamba amepiga hajapokelewa. Mara tatu kwa siku, saa tatu, saa saba na saa kumi, dada wa mapokezi anafungua ile orodha na kuwapigia wote. Wote, si wale anaowafahamu tu.

Sauti tukarekodi upya kwa Kiswahili. Tulitafuta mahali pa kimya tukakosa, bodaboda nje, feni ndani, mwisho tukaingia stoo tukajibana katikati ya magunia ya mbegu, yale magunia yanameza mwangwi vizuri kuliko chumba chochote. Dada wa mapokezi akasoma mara kumi na moja. Nilitaka aseme kama anaongea na mama yake, si kama anasoma taarifa ya habari. Na mpangilio wa maneno una maana sana, kitu kitangulie namba ifuate: kama ni mbegu, bonyeza moja. Ukianza na namba, bonyeza moja kwa ajili ya mbegu, mtu akifika kwenye mbegu namba ameshaisahau anasubiri mzunguko urudie, na salio linaenda. Tuna vitu vitatu tu, mbegu, dawa, na malipo. Sekunde kumi na mbili.

Na asiyebonyeza je? Hapo ndo ofisi nyingi zinakosea, mtu asipobonyeza kitu wanamrudishia maelezo mara mbili alafu wanakata. Mzee ameshika simu sikioni, haoni vitufe, mwenye simu ya kupapasa kioo kimezima hajui aguse wapi namba zitokee, kuna mwingine haoni vizuri kabisa. Kwetu akikaa kimya sekunde tano anaenda moja kwa moja kwa dada wa mapokezi, mtu anaongea na mtu. Akibonyeza namba isiyokuwepo, hivyo hivyo.

Mawakala wetu wa kudumu hata hizo sekunde kumi na mbili nimewaondolea. Unaweza kutengeneza njia ya pekee kwa namba ya anayepiga, kwahiyo wakala wa Kibaigwa akipiga kutoka kule sokoni kwenye mahindi na makelele ya malori, mtambo unamtambua na simu inalia mezani kwa mtu wa stoo bila maelezo yoyote.

Kwenye laini tulibadilisha pia. Tulikuwa na namba ya mezani ya 026 peke yake, na mkulima mwenye kifurushi cha mtandao wake akiipiga ile dakika zake hazimsaidii. Tukanunua kisanduku kinachochukua laini za simu za mkononi, nne, kila moja mtandao wake, na kwenye vipeperushi tumeandika zote nne, chagua ya mtandao wako. Simu tunazopiga sisi kwenda nje nazo mtambo unazichagulia laini kwa kuangalia namba inavyoanza, 074, 075 na 076 ziende laini hii, 068, 069 na 078 ile, unaandika kama 075XXXXXXX na kila X ni tarakimu yoyote. Haiko sahihi kwa watu wote, kwa sababu tangu mwaka 2017 mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake ile ile, ila kwa wengi inatuokoa.

Kuhusu nani apokee, mwanzoni simu za mauzo zilikuwa zinalia zote sita kwa pamoja. Nilidhani ndo haraka. Kumbe zikilia sita kila mmoja anaona mwenzake atapokea, na anayepokea kweli ni mmoja yule yule kila siku mpaka akaja kulalamika kwangu, na alikuwa na haki. Nikahamishia kwenye foleni ya mzunguko, ile wanaita rrmemory, mtambo unakumbuka nani amepokea mwisho na simu inayofuata inaenda kwa anayemfuata. Manung'uniko yakaisha. Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane wenzetu wanaokwenda msikitini wanatoka kwenye mzunguko, hiyo ni ratiba imewekwa, haihitaji mtu kukumbuka.

Sikukuu za tarehe zimo tayari mwaka mzima, 26 Aprili, 7 Julai, 9 Desemba. Idi huwezi kuiweka mapema, inasubiri mwezi uandame. Kwahiyo kuna swichi, unapiga *280 ofisi inafungwa kwa mkono, unaipiga tena inafunguka, na kwenye simu ya mapokezi nimeiweka kwenye kitufe chenye taa. Taa ikiwaka jua tumefunga. Mtu wa mwisho kutoka anaiangalia.

Jambo ambalo lilinisumbua kweli ni Nanenane. Wiki ile nusu ya ofisi iko viwanja vya Nzuguni kwenye banda, nikafowadi simu zao za mezani ziende mikononi. Mambo mawili yakanibana. Kwanza, simu ikifowadiwa inashika laini mbili, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, sasa sisi laini za mkononi ni nne, wakulima wawili tu wakiongea na watu wa banda tumejaa. Pili, anayepokea kule Nzuguni anaona namba ya ofisi, haoni ya mkulima, ikikatika katikati ya maelezo hana pa kumpigia, mpaka atupigie sisi tumsomee kwenye kumbukumbu. Nikapunguza, zinaenda nje simu za dawa peke yake, maana huko ndo mtaalamu alikuwa, zingine zinabaki mjini. Na nikawasha ile ya kuthibitisha, mwenye simu ya mkononi akipokea anaombwa abonyeze moja kwanza, asipobonyeza simu inarudi ofisini. Bila hiyo simu ya mfanyakazi ikienda kwenye ujumbe wa sauti mtambo unadhani amepokea binadamu, na mkulima wa watu anaongea na mashine.

Usalama nitasema kidogo tu ila tafadhali usiruke. Neno la siri la ekstensheni 201, yaani simu ya mezani yenye namba ya ndani 201, lisiwe 201. Na mlango wa 5060, ule wa kwenye mtandao ambao mtambo unapokelea maombi ya simu, usiachwe wazi kwa intaneti yote, kuna programu zinazunguka usiku na mchana zinajaribu kila mtambo, zikiingia zinapiga simu za nje ya nchi kwa gharama yako. Na umeme, mtambo na swichi ya mtandao inayounganisha simu na ruta vyote vikae kwenye yupiesi moja, ile betri ya akiba, kwa sababu mtambo uliobaki hewani na swichi imezima hausaidii mtu.

Yule mlinzi wetu nilimwekea simu pale kibandani kwake. Mtu akipiga kabla ya saa mbili anaambiwa tunafungua saa mbili asubuhi, kama ni jambo la haraka abaki kwenye simu, akibaki inalia kwa mzee. Ana daftari la kaunta, anaandika jina, kijiji, namba, na shida kwa maneno machache, mzee anaandika kwa herufi kubwa. Wengine wakipiga wakisikia ni yeye wanaanza na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kabla ya chochote, naye anaitikia, wanaulizana mvua na ng'ombe. Leo nimefika nimekuta majina manne. La pili ni mama wa Mpwapwa, anaulizia mbegu ya alizeti itafika lini, nimempigia mimi mwenyewe saa mbili na dakika tano.