Siku ya kwanza sibebi ndoano

Nimekulia Umoja, mtaa wa Nairobi, mbali na ziwa lolote. Kuvua nilifundishwa na babu, tulipokuwa tukienda ushago wakati wa likizo. Nilipopata kazi nikatamani tena utulivu ule: kuketi ukingoni, mshipi majini, bila kukodi mashua. Lakini nivue wapi? Mto Nairobi umejaa maji taka. Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera, lilijengwa 1953 ili watu wapate maji ya kunywa. Leo limesongwa na gugu maji, na samaki wa pale nisingethubutu kumpa mwanangu. Huniuma kila nikipita Lang'ata.

Mwaka wa kwanza nilikosea kwa namna ile ile kila mara. Nilifungua ramani kwenye simu, nikachagua penye buluu, nikabeba fimbo na chambo, nikapanda matatu ya Naivasha pale Nyamakima. Nikifika, ua wa seng'enge. Sehemu kubwa ya ufuo wa Ziwa Naivasha imepakana na mashamba ya maua na hoteli, kwa hiyo maji unayaona lakini njia ya kuyafikia huna. Mara tatu nilirudi nyumbani bila hata kuifungua fimbo.

Safari ya nne nikaenda mikono mitupu. Nilishuka Karagita, ambako kuna ufuo wa umma, nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki. "Mama, mtu asiye na mashua huvua wapi hapa?" Akanielekeza kwanza kwa viongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia ufuo. Wakanieleza habari za leseni na mahali nyavu zao zinapotegwa, nisije nikanasa mali ya watu. Nusu saa ile ilinifaa kuliko mwaka mzima wa ramani.

Tangu hapo siku ya kwanza mahali popote ni ya kutazama na kuuliza. Wachungaji nawaamini sana. Wanapowanyweshea ng'ombe huwa pana njia inayopitika na ukingo mgumu, nami husogea hatua hamsini hivi kando, maji yasikotibuliwa. Natafuta mahali mafunjo yanapokoma na maji wazi yanapoanza, maana samaki hupenda kujificha na kula mpakani hapo. Nikiona mdiria ametulia juu ya tawi au minandi wakizamia karibu na ukingo, najua kuna samaki wadogo. Samaki aitwaye kapu (carp) namjua kwa viputo: huchimbua tope akitafuta chakula, na viputo vidogo hupanda vikifuatana. Tilapia yeye huchimba vishimo vya mviringo kama sahani kwenye maji mafupi, na asubuhi jua likiwa nyuma yako utaviona vizuri.

Upepo pia ni wa kupimwa. Naivasha huchafuka mchana, na gugu huhama na upepo. Mahali palipokuwa wazi saa tatu huenda pakafunikwa saa nane. Tena ziwa lenyewe limepanda sana miaka hii, likameza ua na miti, hivyo maelezo ya mtu aliyevua pale zamani huenda yakakupeleka kusikofikika.

Kuhusu kiboko sina utani. Hutoka kula majani jioni na kurudi majini alfajiri, kwa njia zake zile zile. Nikiona kichochoro kilichokanyagwa kikaingia majini, siketi hapo hata pawe na samaki namna gani, na saa kumi na moja jioni nimeshakunja mshipi.

Kapu wangu wa kwanza nilimpata Kamere, ufuo mwingine wa Naivasha, kwa tonge la ugali mgumu na chubwi moja ya kuzamishia mshipi, chambo kikilala chini kabisa. Nilipomfikisha nchi kavu mikono ilinitetemeka, nikampigia babu simu palepale.

Siku hizi nauli ikinishinda naenda karibu zaidi. Mashamba ya kahawa ya upande wa Ruiru na Kiambu yana mabwawa ya kumwagilia, na mengine yana tilapia na kambare, ila ni mali ya watu, lazima uombe. Msimamizi mmoja alinihoji kwa muda mrefu, kisha akakubali: nije Jumapili tu, nisiwashe moto, nisiache takataka. Nimeshakwenda mara mbili. Ya kwanza nilizunguka bwawa lote, mikono mitupu, nikitazama ndege wanatua wapi.