Siku moja maishani mwangu: arei tatu na namba zilizobaki nyuma

Saa 12 asubuhi. Meseji imeniamsha. "Ticha shikamoo, samahani kwa usumbufu, jaribio la juzi mimi sikufanya nilikuwa naumwa, ila kwenye matokeo naona nina 81." Nimeisoma mara tatu nikiwa bado kitandani. Wanaolalamika wamepunjwa nimewazoea, wa kulalamika amepewa za bure ndo nakutana naye leo. Na leo sasa ndo zamu ya kufundisha strakcha (vitu vya aina tofauti vilivyofungwa pamoja kwa jina moja), kwa watu wanaojifunza lugha ya programu ya C kwa mara ya kwanza maishani.

Saa 1 na nusu. Nimefungua laptop, kosa limenichukua kama dakika nne hivi kuliona na aibu bado sijaimaliza. Programu yangu ya matokeo niliiandika zamani ina arei tatu (orodha za vitu vya aina moja, kila kimoja na nafasi yake) zimekaa bega kwa bega, namba[60], jina[60], alama[60], yaani mtu akiwa kwenye nafasi ya 7 basi namba yake ni namba[7], jina lake jina[7], alama yake alama[7]. Makubaliano hayo yako kichwani kwangu tu, kompyuta haina habari kwamba vitu hivyo vitatu ni vya mtu mmoja. Wiki iliyopita nikaongeza kipande cha kupanga kuanzia alama kubwa kwenda ndogo, nikabadilishanisha alama, nikabadilishanisha majina, namba nikasahau. Basi majina na alama yakawa yanapanda na kushuka wakati namba zimetulia tuli pale zilipo. Na matokeo huwa nayabandika kwa namba peke yake! Kompaila (programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine) haikusema kitu, na ingesema nini, kila mstari ulikuwa sahihi kabisa.

Nimeandika kwenye grupu la darasa: matokeo yana kasoro, nayatoa upya leo usiku.

Saa 3. Darasani nimewaambia ukweli wote, wamecheka kweli kweli, nikawaacha wamalize ndo nikaandika ubaoni:

struct Mwanafunzi {
    int namba;
    char jina[30];
    float alama;
};

Hii ni fomu tupu (int ni namba nzima, char ni herufi, float ni namba yenye desimali), bado hakuna memori iliyochukuliwa. Memori inachukuliwa pale unaposema struct Mwanafunzi darasa[60]. Hapo sasa unazo fomu 60, na darasa[7].alama haiwezi kutengana na darasa[7].namba hata ukitaka. Ukipanga unahamisha fomu nzima, darasa[i] = darasa[j], na C inakopi kila kilichomo ndani.

Binti mmoja wa mbele akadaka hapo hapo: "Ticha, juzi ulisema arei haikubali alama ya =, sasa hilo jina si arei?" Swali zuri mno. Ni arei kweli, na ikiwa peke yake haikubali, darasa[7].jina = "Asha" itagoma, lazima utumie strcpy, ya kukopi maneno. Lakini ikiwa ndani ya strakcha inasafiri na mwenyeji wake. Ndo C ilivyo, mimi mwenyewe sijawahi kuipenda hiyo tofauti.

Nikawachomekea na kahistoria kadogo maana nilihitaji mtu wa kushea naye aibu. Mwaka 1972 Ken Thompson pale Bell Labs alijaribu kuandika mfumo endeshi wa Unix kwa C ya mwanzoni, kabla strakcha hazijaingizwa, akaachia njiani. Dennis Ritchie akaendelea kuipika lugha, strakcha zikaingia, na 1973 keneli (kiini cha Unix) ikaandikwa upya kwa C ikakubali. Basi kama Thompson alikwama, na mimi nisamehewe.

Saa 5. Maabara. Nusu saa ya kwanza yote ni nukta-mkato, wanaisahau baada ya ile mabano ya mwisho ya strakcha, halafu kompaila inalalamikia mstari wa chini ambao hauna kosa lolote na mtu anautolea macho huo huo. Hilo halina haja ya maelezo, litawatoka lenyewe.

Lililonikalisha ni la kijana wa mstari wa nyuma. Ameandika fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina), void ongeza(struct Mwanafunzi m) na ndani yake m.alama += 5, anaita ongeza(darasa[7]), anaprinti, alama ile ile. Ameprinti ndani ya fanksheni, imeongezeka. Ameprinti nje, haijaongezeka. Ananiangalia kama nimemfanyia kiinimacho. Nikachukua karatasi yake ya zoezi, nikaipiga picha kwa simu yangu, nikaandika 5 kwenye picha, nikafuta picha, nikamwambia haya angalia karatasi yako. Kimya. "Kwa hiyo nilimpa kopi?" Ulimpa kopi. Mpe anwani (mahali fomu ilipo kwenye memori): struct Mwanafunzi *m, ndani m->alama += 5, na wakati wa kuita ongeza(&darasa[7]). Akajaribu kwanza *m.alama, ikagoma kwa sababu nukta inatangulia nyota, ingebidi aandike (*m).alama na mabano yake, kamshale kanafanya kazi ile ile bila mabano.

Saa 8. Huyu hapa mwingine kafanya hesabu: namba baiti 4, jina 30, alama 4, jumla 38, lakini sizeof (inayopima ukubwa kwenye memori) inamwambia 40. "Ticha 2 zimeliwa na nani?" Hazijaliwa, zimewekwa tupu katikati ya jina na alama, maana kwenye mashine zetu float inataka kuanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, na 34 haigawanyiki. Nikampa kazi: andika strakcha yenye char, int, char kwa mpangilio huo, pima, halafu tanguliza int, pima tena. Ikatoka 12, halafu 8. Vitu vile vile! Meza nzima ikahamia kwake, na mimi nikapata upenyo wa kukaa.

Saa 1 usiku. Nyumbani, zamu yangu. Nimefuta zile arei tatu kwa mkupuo na kompaila imenimwagia makosa, safi tu, kila kosa linanionyesha mahali pa kurekebisha. Kwenye kupanga, ile mistari imebaki mitatu tu ya kubadilishana fomu nzima.

Halafu nikagundua kitu. Huyu wa meseji kwenye data zangu alikuwa na 0, sawasawa na mtu aliyefanya akakosa yote, na hawa si watu sawa. Zamani hiyo ingekuwa arei ya nne, na mahali pengine pa kusahau. Sasa nimeongeza mstari mmoja ndani ya strakcha, int alifanya. Na kipande cha kupanga sijakigusa.

Saa 3 usiku. Matokeo yametoka upya. Wa meseji nimempangia siku ya kufanya jaribio lake. Ile 81 ni ya binti mwenye namba ya mwisho kwenye orodha, na kwa kuwa nilipanga kubwa kwenda ndogo, yeye ndo aliangukiwa na ile 0. Siku mbili ameiona na hajasema neno. Nimemwandikia nikamwomba radhi.

Amejibu: "Asante ticha, mimi nilishaanza kusoma upya tangu sura ya kwanza."