Skurubu ya Nyutro

Oktoba ya Tabora inaijua ngozi yangu. Mvua bado, miembe imesimama jani halitikisiki, na bati ukiligusa saa nane mchana unautoa mkono mbio. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2011. Mama mmoja, muuguzi mstaafu mwenye duka la dawa kule Kanyenye, alimwita mjomba amfungie AC. Maboksi mengi ya dawa zake yameandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, na kipimajoto alichokitundika nyuma ya kaunta kilikuwa kinasoma 33. Alikionyesha kwa kidole huku uso umemshuka, kama anayeonyesha mtoto mgonjwa.

Mjomba, kaka yake mama yangu, alikuwa fundi umeme tangu sijazaliwa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi cha VETA juzi juzi, nikimbebea ngazi na kuchimba kuta.

Mashine ilikuwa imeshanunuliwa: BTU 18000, hicho ni kipimo cha nguvu ya kupooza, ya kawaida, si inveta, ile inayobadilisha kasi yake yenyewe. Mama akatuonyesha soketi ya ukutani.

"Si mnachomeka hapa tu, wanangu?"

"Hapana, dada," mjomba akamjibu. "Hapo pana jokofu lako, na soketi zote hizi zinakula waya mmoja. Hii inataka njia yake peke yake kutoka kwenye breka, swichi inayojikata umeme ukizidi."

Akamfafanulia bila haraka. Mashine ya ukubwa ule inakula kama wati 1700, maana yake kwa volti 230 ni karibu ampea 8 saa zote inapopooza. Lakini kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupooza, inapoamka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa kitambo kidogo, na volti ikiwa imeshuka jioni watu wanapopika na kuwasha taa, inahangaika zaidi. Mama akakubali, ingawa gharama ya waya ilimuuma.

Tukavuta waya wa milimita 2.5, kama mita 14, ndani ya trankingi, mfereji wa plastiki wa ukutani, na kuupa breka yake ya ampea 20. Chini ya mashine tukaweka swichi nzito na gadi, ile inayosubiri dakika chache umeme ukirudi ili kompresa isiamshwe kabla presha ya gesi haijatulia. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa chuma cha ethi, kile kinachopigiliwa ardhini ili umeme ukivuja upitie huko. Ardhi ya Oktoba ni tofali. Tulimwaga ndoo mbili za maji, tukasubiri zinywewe, ndipo nyundo ikaanza kupata kitu. Mjomba hakukubali kukiacha nusu kikiwa nje, ingawa jirani mmoja alituambia hakuna atakayekiona.

AC ya namna ile ina vifaa viwili, cha ndani kinachopuliza na cha nje chenye kompresa. Jua likiwa linazama mjomba akaniachia kile cha nje. Nyaya tatu tu: moto unaoleta umeme, nyutro unaourudisha, na ethi. Kwenye mashine kama ile umeme huingia kwanza kwenye kile cha ndani, halafu chenyewe ndicho kinachokiruhusu cha nje kufanya kazi kupitia nyaya hizo. Nilikuwa juu ya ngazi, jasho linaniingia machoni, na mama ameshaanza kurudisha maboksi rafuni. Nikamenya waya, nikauchomeka, nikakaza mpaka bisibisi ikagoma. Nikafunga kifuniko. Mashine ikawaka, na kabla ya saa moja kupita kipimajoto kilikuwa kwenye 25. Mama alituombea dua pale pale mlangoni.

Siku ya nne, Jumapili, akapiga simu. AC inapuliza upepo tu, haipoozi, na nyuma ya duka kuna harufu.

Mjomba alizima breka, akapanda mwenyewe, akafungua kifuniko, na kabla ya kugusa chochote akaunganisha balbu yenye nyaya mbili kwenye miguu ya kapasita, kifaa kinachobaki na umeme hata breka ikizimwa, ili imalize chaji iliyobaki. Kisha akashuka, akaniambia, "Panda uone."

Nimeona nyaya nyingi zilizoungua tangu siku ile, lakini ile naikumbuka kwa macho na pua. Sehemu ya nyutro kwenye konekta, kile kipande cha plastiki chenye skurubu za kubania nyaya, ilikuwa imegeuka rangi ya andazi lililoachwa kwenye mafuta, plastiki imezama katikati. Waya ulikuwa umekauka kama kijiti. Nilipougusa ulikatika, na shaba ndani yake ilikuwa nyeusi. Chini ya skurubu kulikuwa na kipande cha plastiki ya bluu, kimebanwa bapa, alama za skurubu zimechorwa juu yake.

Nilikuwa nimemenya kidogo mno. Skurubu niliyoikaza kwa nguvu zangu zote ilibana plastiki, na shaba ikabaki inagusagusa pembeni.

"Breka si ipo?" mama akauliza. "Mbona haikukata?"

Swali hilo ndilo lililonikaa. Mjomba alimwambia kwamba breka inahesabu umeme unaopita, na uliopita ulikuwa ule ule wa kawaida, ampea 8. Gadi iliona volti nzuri. Ethi haikuwa na la kufanya kwa sababu hakuna kilichovuja. Lakini mahali palipogusana vibaya, upinzani wa nusu omu tu, kwa ampea 8, unazaa joto la wati 32. Hiyo ni pasi ya kusoda, imewashwa siku nne ndani ya boksi la plastiki, nyuma ya ukuta wenye dari la mbao na maboksi ya dawa. Nilishika ngazi kwa mikono miwili.

Mjomba hakunifokea. "Mpwa wangu, ulikaza. Hukuvuta," alisema, basi.

Tukaweka konekta mpya. Nikakata waya nyuma kama shubiri moja mpaka nikapata shaba inayong'aa, nikamenya sentimita nzima, nikasokota nyuzi, nikaingiza, nikakaza, nikavuta. Nikarudia kwa moto na ethi. Mjomba akanipeleka ndani nikafanye vivyo hivyo kwenye kile cha ndani, kwenye swichi, kwenye gadi na kwenye breka.

Nilipotaka kufunga kifuniko cha nje, mama akaja na kanga yake kiunoni.

"Subirini. Nami nivute."

Mjomba akahakikisha tena kwamba breka iko chini, kisha akamshikia ngazi. Mama akapanda vidato vitatu, polepole. Akaukamata waya wa bluu kwa vidole viwili, akauvuta mara moja, mbili, tatu, kwa nguvu kuliko nilivyovuta mimi.

"Hautoki," akasema. "Washeni."