Kuitambua Mikoko ya Kaole

Tangu nirudi Bagamoyo baada ya miaka mingi ya kuishi Ulaya, sehemu ninayoizuru zaidi ni msitu wa mikoko ulio kati ya magofu ya Kaole na bahari, pale ambapo bandari ya kale ilijaa tope hadi miti ikaota. Wapwa zangu, waliozaliwa na kukulia mjini, huuona msitu huo kuwa wa mti wa aina moja, ilhali mtu akiitazama mizizi, kisha akaligeuza jani kuona upande wake wa chini, atagundua kwamba amesimama kati ya miti isiyofanana hata kidogo.

Mkoko wenyewe ndio ulio rahisi kuliko yote, kwa kuwa mizizi yake hutoka shinani juu ya tope, ikajipinda na kushuka pande zote, na upande wa chini wa jani lake una vidoa vidogo vyeusi vilivyotapakaa. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ndiyo maana utaona miche mirefu ya kijani ikining'inia matawini. Msinzi nao una miche ya namna hiyo, ila ni mifupi na minene zaidi, na kikombe kinachoshika ua lake ni chekundu; mizizi yake hutokeza juu ya tope ikiwa imekunjika kama goti. Mkandaa, ambao gome lake lilitumika zamani kwa rangi, ni mti mdogo, na ncha ya jani lake ni ya mviringo, wakati ya mkoko imechongoka.

Mchu na mlilana ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu yote miwili huchomoza mizizi ya kupumulia iliyosimama wima kutoka kwenye tope. Ya mchu ni myembamba na hulingana unene karibu urefu wake wote. Ya mlilana ni minene chini na huchongoka kuelekea juu, nayo ni myepesi kiasi kwamba wavuvi waliikata kutengenezea maboya ya nyavu. Ukibaki na shaka, geuza jani: la mchu lina weupe wa kijivu chini, na ukililamba utaonja chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa chumvi kupitia majani, tofauti na mkoko ambao huizuia sehemu kubwa mizizini. Sisi tulililamba sana utotoni, bila kujua sababu hiyo.

Mkomafi hauhitaji maelezo marefu: gome lake hubanduka vipande vipande, na tunda lake kubwa la duara likipasuka hutoa mbegu zenye pembe ambazo ni vigumu mno kuzipanga tena zilivyokuwa.

Nisichokiamini sana ni kutambua mti kwa kimo chake au mahali ulipoota. Ni kweli kwamba mlilana hupenda mbele, unakopigwa na bahari, na mkandaa hukaa nyuma, lakini mchu huota huku na huku, na ule wa nyuma kwenye chumvi kali hudumaa hadi ukadhaniwa kichaka cha aina nyingine. Tofauti hizi zina uzito pia kwa wanaopanda miti upya. Miche ya mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka, basi mtu hushawishika kuipanda hata mbele kabisa, mahali pa mlilana, ambako mawimbi huing'oa kabla haijashika.

Anayetaka kujionea mizizi ashuke wakati wa kupwa, hasa siku za bamvua ambapo maji hutoka mbali, avae viatu vinavyofungwa vizuri kwa sababu ya tope, na asikate tawi lolote, kwani misitu ya mikoko nchini ni hifadhi na ukataji wake unahitaji kibali. Majani yaliyoanguka chini ya kila mti yanamtosha kwa kulinganisha.