Rod Brind'Amour: kutoka duara la feisofu hadi benchi la Carolina

Katika mechi moja ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, mchezo husimama na kuanzishwa upya mara 50 hadi 60. Mwamuzi msaidizi anashika kisahani, kinachochezewa badala ya mpira, juu ya nukta iliyochorwa barafuni, masenta wawili (washambuliaji wa kati, mmoja wa kila timu) wanainama uso kwa uso, kisahani kinaangushwa. Hiyo ndiyo feisofu, na watazamaji wengi huutumia muda huo kunywa soda. Rod Brind'Amour aliishi kwa hiyo kazi miaka ishirini. Ukitaka kuelewa kwa nini Carolina Hurricanes, timu anayoifundisha, wanacheza wanavyocheza chini yake, anzia hapo, wala usianzie kwenye magoli yake.

Wasifu wake kwa haraka. Alizaliwa Ottawa mwaka 1970, akakulia Campbell River, British Columbia. St. Louis Blues walimchagua wa 9 kwenye drafti ya 1988, zamu ya timu kuchagua vijana wapya, akacheza msimu mmoja Chuo Kikuu cha Michigan State, kisha akaingia NHL. Mwaka 1991 alibadilishwa kwenda Philadelphia Flyers, na huko alicheza mechi 484 mfululizo bila kukosa hata moja, hadi mguu ulipovunjika. Januari 2000 akapelekwa Carolina katika biashara iliyompeleka Keith Primeau Philadelphia. Alistaafu 2010 akiwa na mechi 1,484, magoli 452 na pasi za magoli 732.

Sasa turudi kwenye nukta. Senta mzuri hashindi feisofu kwa nguvu za mikono pekee. Anapanua miguu kupita mabega, anashusha nyonga, na mkono wa chini anauteremsha karibu kabisa na ubao wa fimbo, sehemu bapa inayogusa barafu, ili kupata wenzo mfupi wenye nguvu. Macho yako kwenye mkono wa mwamuzi, kwa sababu ukisubiri kukiona kisahani hewani umeshachelewa. Wengi hugeuza kiganja cha chini ili wavute kwa upande wa nyuma wa fimbo, lakini hapo unampa mpinzani habari: akiona mkono umegeuka anajua unakovutia, na atapiga fimbo yako kwanza kabla ya kugusa kisahani. Ukitikisika mapema unaondolewa na mwenzako anaingia badala yako. Timu hiyohiyo ikirudia kosa kwenye feisofu ileile, ni adhabu ya dakika 2.

Kuna pia suala la nani anatangulia kuweka fimbo chini, maana anayefuata ana faida ya kuona. Awali senta wa timu mgeni ndiye aliyetangulia popote uwanjani. Tangu msimu wa 2015–16, kwenye maeneo ya magoli anayelinda ndiye anayetangulia. Mgeni hutangulia kwenye mstari wa kati tu. Badiliko dogo, lakini liliwanufaisha wanaoshambulia.

Feisofu nyingi haziishi kwa ushindi safi. Kisahani kinabaki miguuni, na hapo mshindi ni winga atakayefika wa kwanza. Makocha wa watoto wanaomlaumu senta kwa kila feisofu iliyopotea wawatazame mawinga wao waliosimama wima kama nguzo za umeme.

Brind'Amour alishinda tuzo ya Selke, ya mshambuliaji anayelinda vizuri zaidi, mara mbili mfululizo, 2006 na 2007. Juni 2006 pia alinyanyua Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, akiwa nahodha wa Carolina. Mechi ya kwanza ya fainali ile dhidi ya Edmonton Oilers inamweleza vizuri. Carolina walikuwa nyuma 3–0, wakarudi, na zikiwa zimebaki sekunde 30 hivi ubao ulisoma 4–4. Ty Conklin, golikipa wa akiba aliyeingia baada ya Dwayne Roloson kuumia, alitoka nyuma ya goli kucheza kisahani. Yeye na beki wake wakashindwa kuelewana. Brind'Amour alikuwa amekifuata hadi pale, akakisukuma kwenye goli tupu. Huwezi kuita bahati kitu ambacho mtu anakifuatilia kila zamu.

Baada ya kustaafu hakupewa timu moja kwa moja. Mwaka mmoja alishughulika na kuendeleza vijana wa Carolina, kisha kuanzia 2011 akawa kocha msaidizi kwa miaka saba, chini ya makocha wakuu watatu. Linganisha na Wayne Gretzky, mmoja wa wachezaji mashuhuri zaidi wa hoki, aliyeingia moja kwa moja kuwa kocha mkuu wa timu ya Phoenix mwaka 2005: misimu minne, hakufika hatua ya mtoano hata mara moja. Kipaji cha kuona nafasi hakifundishiki kirahisi. Kufuatilia kisahani kunafundishika.

Mei 2018 alipewa timu iliyokosa mtoano misimu tisa mfululizo. Msimu wa kwanza tu walifika fainali ya Kanda ya Mashariki, baada ya kuwatoa mabingwa watetezi, Washington Capitals, katika mechi saba. Mwaka 2021 akapata tuzo ya Jack Adams, ya kocha bora.

Mfumo wake ni kubana mtu kwa mtu uwanja mzima. Kisahani kinatupwa kwenye kona ya wapinzani, mshambuliaji wa kwanza anamfuata beki bila kusita, wa pili anaziba pasi inayopita kando ya ukuta wa uwanja, na beki wa Carolina anapanda kuzuia njia ya kutokea badala ya kurudi nyuma. Kinachoharibika kinajulikana: mmoja akichelewa nusu sekunde, wapinzani wanatoka wawili dhidi ya mmoja. Ndiyo maana zamu, yaani muda wa mchezaji kukaa barafuni kabla ya kubadilishwa, lazima ziwe fupi, sekunde 40 hadi 45. Kipindi cha pili ndicho hatari zaidi, kwa kuwa timu zinabadilishana pande za uwanja na benchi linakuwa mbali na eneo lako la ulinzi. Mabeki waliochoka hawana pa kukimbilia. Wakikitupa kisahani kutoka nyuma ya mstari wa kati hadi mwisho wa uwanja bila kuguswa, feisofu inarudi kwao na hawaruhusiwi kubadilishwa. Na ukibadilisha kwa haraka kupita kiasi, anayetoka akiwa bado hajalikaribia benchi kwa kama mita 1.5 huku anayeingia ameshagusa kisahani, unakaa pungufu dakika 2.

Wanaocheza kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, wataona tofauti mara moja: uwanja ukiwa mdogo, mtu kwa mtu ni rahisi kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Kwenye mita 61 kwa 26 ni mapafu.

Udhaifu wa pili haujatibiwa kirahisi. Carolina hupiga mashuti mengi sana, ila mengi hutoka mbali, kwa mabeki, yakitegemea kuparazwa njiani au kumponyoka golikipa. Golikipa anayekiona kisahani hashituki. Fainali ya kanda ya 2023 dhidi ya Florida Panthers ilikuwa hivyo: 3–2, 2–1, 1–0, 4–3, zote nne zimepotea kwa goli moja, ya kwanza baada ya vipindi vinne vya nyongeza, na Sergei Bobrovsky akiwa golini kwa Florida. Mwaka 2025 wakakutana tena hatua hiyohiyo, wakatolewa kwa mechi 4 dhidi ya 1. Nyumbani Raleigh, kocha mwenyeji ndiye mwenye haki ya kubadilisha wachezaji mwisho kabla ya feisofu, kwa hiyo angeweza kumpeleka Jordan Staal, senta wake wa kulinda, mbele ya safu yoyote aliyoitaka. Lakini mechi zote mbili za mwanzo zilizochezwa pale walipoteza, na goli halipatikani kwa kubadilisha senta tu.